Unaona stetasi zao kila siku ila hamjaongea: mwongozo kamili wa kuwarudisha watu wako

Sa hivi unaweza ukajua mtu kahama nyumba, kabadilisha kazi, kanyoa nywele, mtoto wake kaanza shule, kagombana na mpenzi wake (manake mafumbo kayaweka mwenyewe asubuhi), yote hayo unayo kichwani na mara ya mwisho kusikia sauti yake hata hukumbuki ni lini. Na unahisi mko karibu kabisa. Yeye nae anaona jina lako kwenye orodha ya walioangalia stetasi, anahisi hivo hivo, basi wote wawili mmeridhika na hakuna aliyemsalimia mwenzake.

Watu wengi wakiongelea simu na upweke wanakimbilia masaa, ooh unakaa sana kwenye simu, punguza masaa. Mi naona masaa ni kitu cha pembeni tu. Kinachokula mahusiano ni pale kujua habari za mtu kunapochukua nafasi ya kuwasiliana nae. Ndo mana unaweza ukakata masaa yote hayo na bado ukabaki mpweke vile vile, sasa hata kwenye simu hamna wa kumuangalia.

Kingine tuelewane mapema, kuwa peke yako siyo upweke. Mtu anaweza kuishi mwenyewe na akawa sawa kabisa, mwingine yuko kwenye nyumba ya watu wanane na kila usiku anahisi hamna anaemjua. Upweke ni ile tofauti kati ya ukaribu unaoutaka na ukaribu ulionao. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka Juni 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa nao, na vijana wako juu kabisa kwenye hiyo orodha, yaani wale wale ambao simu haitoki mkononi. Ila ripoti hiyo hiyo inataja pia ugonjwa, kipato kidogo na kuishi peke yako, kwa hiyo tusiibebeshe simu mzigo wote.

Haya twende.

Hatua ya 1: Kagua watu, achana na masaa kwanza

Simu nyingi tangu 2018 zina sehemu ya kukuonesha umetumia muda gani kwenye kila programu, kwenye Android ni Digital Wellbeing na kwenye iPhone ni Screen Time. Ifungue uangalie, sawa, ila namba hiyo haijui kutofautisha saa moja ya vidio koli na dada yako na saa moja ya kuskroli vidio za watu usiowajua. Zote kwake ni saa moja.

Kwa hiyo chukua karatasi, chora safu tatu. Ya kwanza andika NIMEONGEA NAE (sauti au ana kwa ana), ya pili NIMEANDIKIANA NAE (kuandikiana kwa kweli, siyo emoji moja), ya tatu NIMEMUONA TU. Afu fungua orodha ya simu ulizopiga na kupokea, fungua chati zako, rudi nyuma wiki moja, jaza majina. Usijaze kwa kukumbuka, kumbukumbu inatupendelea sana, jaza kwa kuangalia.

Karibu kila mtu safu ya tatu inakuwa ndefu mpaka karatasi inaisha, na ya kwanza ina majina machache, tena mengine ni ya kazi. Sasa zungushia duara kila jina la safu ya tatu ambalo ukisikia leo anaumwa utaumia kweli. Hayo majina ya duara usiyapoteze, tutayatumia hatua ya 4.

Siku hizo hizo jichunguze na hisia. Kabla hujafungua programu fulani unajisikiaje, na ukiifunga je. Usiandike insha, neno moja linatosha, "sawa", "wivu", "uchovu", "furaha". Utashangaa, kuna programu unayoipenda kumbe kila ukitoka unatoka umenuna.

Hatua ya 2: Jua unavutwa na nini

Hapa nitapita haraka ila ni muhimu ujue kwamba siyo udhaifu wako tu, kuna vitu vimetengenezwa. Zamani ukurasa ulikuwa unaisha, unabonyeza kwenda unaofuata, na pale ulipokuwa unabonyeza ndo ulikuwa unapata nafasi ya kusema basi inatosha. Mwaka 2006 mbunifu mmoja anaitwa Aza Raskin akabuni ukurasa usioisha, ule unaoshuka tu unashuka, na baadae mwenyewe akajitokeza hadharani kuujutia. Mwaka 2009 Facebook wakaleta kitufe cha laiki, na hapo salamu ikageuka kuwa kidole. Novemba 2014 WhatsApp wakaleta tiki za bluu, na tangu siku hiyo ukimya wa mtu umekuwa na rangi.

Kuhusu kupunguza, kuna jaribio la Chuo Kikuu cha Pennsylvania la mwaka 2018, walichukua wanafunzi 143, baadhi wakawekewa kikomo cha dakika 10 kwa siku kwenye Facebook, 10 Instagram na 10 Snapchat kwa wiki tatu, wengine wakaendelea kama kawaida. Waliopunguza walipungukiwa upweke na huzuni kuliko wenzao. Angalia hapo hawakuambiwa wafute kabisa. Tafiti za mambo haya hazikubaliani zote, kuna watu mitandao inawasaidia na kuna inaowamaliza, ndo maana nikasema anza na karatasi yako wewe.

Hatua ya 3: Binadamu wabaki, mashine zinyamaze

Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya arifa, pita programu moja moja na ujiulize, huyu anaenipigia kengele ni mtu au ni mashine? Mtu aliyekuandikia, acha. "Fulani ameposti baada ya muda mrefu", "usikose kinachoendelea", "vidio inayokufaa", hizo zote ni mashine, zima. Hii inachukua kama nusu saa hivi, inachosha, ila ifanye yote kwa mkupuo mmoja manake ukisema nitamalizia kesho hutamalizia.

Magrupu makubwa yazimie sauti moja kwa moja, uyafungue we ukitaka. Stetasi za watu wanaokuchoma roho zifiche, WhatsApp inaruhusu na mwenyewe hajui, siyo uadui.

Tiki za bluu na muda wa mwisho kuwa onlaini, hapa watu wanabishana. Ushauri wangu ni huu, kama we ni mtu wa kukaa unachungulia "alikuwa hewani saa nne na hajanijibu", zima vyote viwili, manake ukizima vyako na vya wenzako huvioni tena, na hapo ndo faida yenyewe ilipo. Ujue tu kwamba kwenye magrupu tiki za kusoma zinabaki hata ukizima.

Hatua ya 4: Badilisha kuona kuwe kupiga

Hii ndo hatua yenyewe, nyingine zote ni maandalizi, kwa hiyo vumilia nitakaa hapa.

Rudi kwenye yale majina ya duara. Chagua matano, usizidishe. Mtafiti Robin Dunbar anasema binadamu anaweza kubeba kama mahusiano 150 hivi, lakini wale wa ndani kabisa, wa kumlilia, ni kama 5 tu. Ubishi upo kwenye hiyo 150, ila hata bila utafiti jiulize, ukipata msiba saa nane usiku unampigia nani? Hawafiki kumi.

Sasa kanuni: ukiona jambo la maana kwenye stetasi ya mmoja wa hao watano, hairuhusiwi kuacha emoji. Kapata mtoto, kafiwa, kapandishwa cheo, yuko hospitali, kaandika maneno ya kukata tamaa, piga. Ukishindwa kupiga tuma voisnoti. Ukishindwa hata hiyo, andika sentensi ambayo haiwezi kutumwa kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye. "Hongera" inaweza kwenda kwa yeyote. "Hongera, nakumbuka ulivyokuwa unaogopa ule usaili" inaenda kwake tu.

Kwa nini sauti? Kuna jaribio la Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison lililochapishwa 2012, wasichana walipewa kazi ya kuwatia presha mbele ya watu, afu baadhi wakaongea na mama zao ana kwa ana, wengine kwa simu, wengine wakaandikiana nao meseji, na wengine hawakuwasiliana kabisa. Waliosikia sauti ya mama, hata kwa simu, homoni ya msongo ilishuka na ile ya ukaribu, oksitosini, ikapanda. Walioandikiana meseji miili yao ilikuwa karibu sawa na wale ambao hawakuongea na mtu. Maneno ya mama yalikuwepo, sauti haikuwepo. Ni jaribio dogo, siyo sheria ya dunia, lakini nadhani kila aliyewahi kupokea "pole sana" ya kuandikwa siku mbaya anaelewa.

Na ile aibu ya kupiga je? Watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley waliwataka watu wawasiliane na rafiki wa zamani, wengi wakadhani simu italeta aibu kuliko barua pepe, walipopiga kweli wakajisikia wako karibu zaidi na ile aibu waliyoiogopa haikutokea. Kwa hiyo uoga wako ni wa kawaida na mara nyingi unakudanganya.

Ila kuna kitu kimoja halisi: sa hivi simu ya ghafla inatisha. Mtu akiona unapiga bila taarifa anawaza nani kafa, au unataka kukopa. Ndo mana unatanguliza meseji fupi. Mfano kwa rafiki: "Niaje, hamna shida yoyote na sikopi hela 😂 nimekukumbuka tu, leo jioni una dakika kumi nikupigie?" Kwa mkubwa wako: "Shikamoo shangazi, huku ni wazima, nilitaka tu kukusikia, nikupigie saa ngapi usiwe na shughuli?" Hayo maneno "hamna shida" ndo yanayofungua mlango, usiyasahau.

Kama mmekaa kimya muda mrefu sana usianze na maelezo marefu ya kwa nini ulipotea. Mtu anaanza "yaani nilikuwa bize, afu simu ikaibiwa, afu namba..." mpaka mwenzake nae anaanza kujitetea, maongezi yanageuka kesi. Sema "nimepotea, najua, nimekumisi" basi, ingia kwenye stori.

Afu usiishie kwenye "vipi" "poa" "mishe?" "zinaenda". Hapo hakuna aliyesema kitu, mmegongeana tu mlango mkaondoka. Uliza kitu chenye jina: yule bosi wako mpya bado anakusumbua? Mama mguu umepona? Ule mradi uliishia wapi? Na we ukiulizwa usijibu poa, toa kimoja cha kweli hata kidogo, "sijalala vizuri wiki hii", manake mwenzio hawezi kufunguka kwa mtu aliyejifunga.

Mwisho wa hatua hii, huko kupiga kuunganishe na kitu unachofanya tayari. Ukiwa unatembea kutoka kazini, ukiwa unapanga nguo, Jumapili mchana. Kusema "nitakuwa napiga piga" ni sawa na kusema hutapiga.

Hatua ya 5: Mnaoishi nyumba moja

Hii inauma kuliko zote, mtu yuko mita moja na we unajihisi uko peke yako. Unamsimulia kitu anajibu "mmh" huku macho yake yako kwenye skrini, unarudia, anasema "nakusikia", unaacha. Ukishaacha mara nyingi unaacha kusimulia kabisa, na mwenzio hata hajui ni lini uliacha.

Usianze na amri, "kuanzia leo simu marufuku". Hiyo inaisha siku tatu, na siku ya nne utakaekamatwa na simu ni wewe. Anza kwa kusema unachokikosa: "nikiwa nakusimulia na we uko kwenye simu najihisi sina maana, naomba tutafute muda wetu." Afu chagueni pamoja sehemu moja na muda mmoja tu, labda mezani wakati wa kula, labda nusu saa kabla ya kulala. Simu zikae chumba kingine. Kuna jaribio maarufu la 2012 la Przybylski na Weinstein lililosema simu ikiwa tu mezani, hata haijaguswa, inashusha ukaribu wa wanaoongea, ila waliolirudia baadae hawakupata matokeo yale, kwa hiyo sikuapii. Chumba kingine nakushauri kwa sababu rahisi zaidi, mkono haufiki.

Kama lazima uishike, tangaza. "Samahani namjibu bosi dakika mbili." Kisha rudi kweli, ukiwa na swali: ulikuwa unasema nini kuhusu yule jamaa? Tofauti ya mtu aliyetangaza na aliyezama kimya kimya ni kubwa mno.

Chumbani nunua saa ya kengele ya kawaida, chaja ihamie sebuleni. Kisingizio cha alamu kikiisha na simu ya kitandani inaisha. Na wenye watoto, mtoto hafuati sheria, anafuata macho ya mzazi yanaangalia wapi.

Hatua ya 6: Ugomvi hauishi kwa kuandika

Ukijikuta unaandika aya ya pili kwa hasira, simama. Futa, au acha hapo hapo kama rasimu, mwambie "hili tuongee, nakupigia usiku". Maandishi hayana uso, msomaji anaweka sauti yake mwenyewe, na akiwa na hasira ataweka sauti mbaya kuliko uliyokuwa nayo. Nukta moja mwishoni mwa "sawa." imeshavunja wangapi.

Na ukimya. Mtafiti John Cacioppo, aliyetumia miaka mingi kuchunguza upweke, alionesha kwamba mtu mpweke akili yake inakaa macho kutafuta dalili za kukataliwa, hata pasipo nazo. Kwa hiyo ukiwa mpweke, tiki mbili za bluu bila jibu utazisoma kama tusi. Kabla hujahukumu taja sababu tatu za kawaida: kasoma yuko barabarani, kasoma akasema nitamjibu vizuri baadae akasahau, hajui aseme nini. Mara nyingi ni hiyo ya pili.

Kupekua simu ya mpenzi wako, au kumfuatilia alipo kwa ramani siku nzima, sina mengi ya kusema. Ukipata kitu utaumia, usipopata hutaamini, na kesho utapekua tena. Hilo ni la kuongea.

Hatua ya 7: Magrupu yasikudanganye

Mtu kafiwa. Kwenye grupu zimeingia "pole" mia mbili, nyingi zimekopiwa kutoka kwa aliyetangulia mpaka kosa la herufi ni lile lile. Kila mmoja anaona wenzake wameshasema, kwa hiyo anahisi jambo limefanyika. Na mfiwa yuko ndani anaangalia ukuta.

Kwenye grupu sema yako kama kawaida, ila hesabu kwamba hujaanza. Mwandikie pembeni, mpigie, na hasa mpigie wiki ya tatu, wakati wote wameshahamia kwenye mada nyingine. Magrupu nayatetea kwa kitu kimoja, kupanga kukutana, nani anakuja na saa ngapi. Kwa hilo ni mazuri mno.

Hatua ya 8: Muda wa pamoja, na wa mbali pia

Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 2018 alikadiria kwamba kumfanya mtu awe rafiki wa kawaida kunachukua kama masaa 50 ya kuwa pamoja, rafiki kweli kama 90, na wa karibu zaidi ya 200. Ukiangalia hizo namba unaelewa kwa nini watu wazima wanalalamika hawapati marafiki wapya, masaa 200 unayatoa wapi kwa kukutana mara moja kwa mwaka? Kwa hiyo tafuta kitu kinachojirudia chenyewe, mazoezi, kwaya, darasa, timu, kujitolea, sehemu ambayo ukikosa Jumanne watauliza yuko wapi.

Wa mbali usiwaache. Kwa mtu aliyehama, anaeugua, mwenye ulemavu unaomzuia kutoka, vidio koli siyo mbadala dhaifu, ndo maisha yenyewe, na rafiki wa onlaini ni rafiki. Ila msikae mnatazamana mkitafuta cha kusema, fanyeni kitu kila mtu upande wake huku mko hewani, mpike, mpange nguo, muangalie mechi.

Roboti za kuchati nazo zimeingia humu. Zinajibu saa yoyote, hazichoki, hazikununii. OpenAI (wenye ChatGPT) na chuo cha MIT cha Marekani waliwafuatilia watu karibu 1,000 kwa wiki nne, matokeo yakatoka 2025, waliokuwa wanatumia zaidi kila siku ndo walikuwa na upweke zaidi. Haisemi kipi kilianza. Mi nasema itumie kupanga maneno ya kumwambia mtu, afu nenda kwa mtu.

Na kama upweke umefika mahali hulali, huli, huoni maana ya kesho, au unawaza kufa, hapo umevuka mwongozo wa simu. Mwambie mtu mmoja leo kwa maneno ya wazi kabisa na muone daktari au mshauri, usisubiri umalize hatua.

Wasiojibu

Watakuwepo. Utatuma ile meseji nzuri kabisa na hamna kitu. Usimtumie alama za kuuliza, usimuwekee stetasi ya mafumbo, yeye ataiona na wengine hamsini watajiuliza ni wao. Mpe wiki mbili, tuma moja tu isiyo na lawama: "najua mambo ni mengi, ukipata nafasi nipo." Baadhi watarudi baada ya miezi na watakwambia waliisoma siku ile ile. Wengine hawatarudi, mlikuwa mnaangaliana tu na urafiki ulishaisha kitambo bila mtu kutangaza, huyo mtoe kwenye watano, weka jina lingine la duara, mpigie.